Ubao, fulana na kamba: kupanda wimbi Jambiani

Kabla hujashika ubao, uliza mwezi. Huku kwetu Jambiani, Unguja, wimbi la maana huvunjika kule mwambani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa, pwani yote ni mchanga na vigingi vya mwani vya kina mama. Toka yanapojaa, na ngalawa ikushushe pembeni mwa wimbi, si mbele yake.

Anayeanza asifike huko. Abaki ndani ya mwamba, alale kifudifudi juu ya ubao, apige maji kwa mikono mpaka mabega yaseme, ndipo ajaribu kusimama. Ubao mrefu na mpana, tafadhali. Vile vifupi vya kwenye video vinamtaka mtu aliyekwisha kujua.

Lile vazi zito la mpira alilouza mpanda mawimbi Jack O'Neill kule California ni la maji baridi. Hapa utajichemsha bure. Vaa fulana ya kubana yenye mikono mirefu: jua litakuunguza mgongo, na nta ya ubaoni, ile ya kuzuia kuteleza, itakuchubua kifua. Viatu vya mpira usiviache, matumbawe hayana adabu. Kamba ya ubao ifunge kwenye mguu wako wa nyuma.

Ukipita kijijini, jifunge kanga au vaa shati. Wazee wapo barazani, na wewe si tangazo la soda.