Kufunga kalipa za pistoni nne kwenye Subaru Forester

Wengi wakishanunua Forester ya turbo ya umbo la SG5 (kizazi cha pili) wanaanza na ekzosi kubwa, kisha kompyuta, kisha turbo yenyewe. Breki zinaachwa zilivyotoka Japani. Shuka mteremko wa Kitonga au Mai Mahiu nyuma ya malori, watu watano ndani na mizigo kwenye buti, ndipo utakapojua kalipa za kiwandani, yaani vibanio vinavyobana pedi kwenye diski ya gurudumu, zinaishia wapi: pedali inalainika, harufu ya pedi zinazoungua inaingia ndani, na gari linachelewa kusimama. Anza na breki. Nguvu itafuata.

Dawa iliyo nafuu na inayoingia bila kuchomelea chochote ni kalipa za mbele za pistoni nne kutoka Impreza WRX ya umbo la GDA. Zinakaa kwenye matundu yale yale mawili ya bolti ya Forester, kwa hiyo hakuna bamba la kuunganishia linalohitajika. Kalipa za Brembo za Impreza STi, ile ya kasi zaidi, nazo zinavutia, lakini zinataka diski za mm 326 na rimu za inchi 17, na STi za miaka ya mwisho zina matundu matano ya rimu yaliyopangwa kwenye duara la mm 114.3 badala ya mm 100, hivyo diski zake haziingii kwenye habu yako (kitovu cha gurudumu). Kwa gari la matumizi ya kila siku, pistoni nne za WRX zinatosha kabisa.

Kabla ya kwenda kununua vipuri Kirinyaga Road au Kariakoo, vua tairi upime diski uliyo nayo. Forester nyingine zina diski ya takriban mm 277, nyingine mm 294. Kalipa hizi zinafanya kazi na ya mm 294 yenye unene wa mm 24 tu. Ukifunga kalipa hizi kwenye diski ndogo, pedi itapita ukingo wa diski, italika upande mmoja na kuacha ngazi juu. Diski zinunuliwe mpya, zote mbili. Unene wa chini unaoruhusiwa ni mm 22 na kwa kawaida huwa umechongwa kwenye diski yenyewe, kwa hiyo ile ya mitumba iliyosalia na mm 22.5 ni pesa ya kutupa.

Vingine vya kununua ni pedi nne za kalipa hizo, pini na springi zake kama za zamani zimekula kutu, washa nne za shaba (pete bapa za kuzuia uvujaji), seti ya mipira ya kalipa, lita moja ya mafuta ya breki ya DOT 4, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Pedi za mashindano ziache dukani. Hazishiki vizuri mpaka zipate moto, na asubuhi ya kwanza kwenye mzunguko wa barabara ndiyo utakayojuta. Mafuta ya DOT 5 pia yaache, hayo ni ya silikoni na hayachanganyiki na yaliyomo kwenye gari. DOT 5.1 ni jamii nyingine, hiyo inakubali.

Ukiwa na kalipa za mitumba mkononi, zikague hapo hapo kaunta. Inua mpira wa vumbi kidogo kwa kucha utazame pistoni: kutu yenye mashimo inachana mpira wa ndani hata ukiwa mpya. Kisha tazama skrubu za kutolea hewa. Kama kichwa kimeshalainishwa na spana, iache. Hakikisha pia umepewa ya kushoto na ya kulia. Zinafanana sana, na kosa hili ndilo linalowasumbua watu kuliko yote: ukizibadilisha, zinaingia vizuri tu, ila skrubu ya hewa inakaa chini. Hewa inapanda juu ya kalipa na kubaki pale, unapampu mchana kutwa na pedali haishiki. Ikiwa imefungwa, skrubu ya hewa lazima iwe juu.

Badilisha mipira hata kama kalipa hazivuji. Pistoni hutoka kwa upepo wa kompresa kupitia tundu la mafuta, huku umeweka kipande cha mbao katikati. Tumia upepo kidogo, na vidole vikae mbali, maana pistoni hutoka kwa kishindo na inaweza kuvunja mfupa. Osha kwa spiriti au mafuta ya breki mapya. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida zinavimbisha mpira, na ndani ya wiki chache pistoni inakwama. Bolti zinazounganisha nusu mbili za kalipa usiziguse.

Sasa jaribu rimu kabla hujafungua bomba lolote. Inchi 16 ndiyo ya chini kabisa, na bado si kila inchi 16 inapita, kwa sababu kalipa hii imetokeza upande wa nje, kuelekea spoku. Funga diski na kalipa kavu, bandika donge la unga uliokandwa mgumu kwenye uso wa kalipa, vika rimu, kaza nati mbili, izungushe kwa mkono taratibu, kisha ivue. Unene wa unga uliobaki ndio nafasi uliyo nayo. Ukipata mm 3 au zaidi, endelea. Chini ya hapo, tafuta rimu nyingine au spesa nzuri yenye kukaa sawasawa kwenye habu.

Kazi yenyewe inachukua nusu siku. Legeza nati za tairi kwa soketi ya 19 gari likiwa chini, liinue, liweke juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Fungua kalipa ya zamani kwa soketi ya 17 na uitundike kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki (bomba la mafuta). Diski ikigoma kutoka, usiipige nyundo: ina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti za mm 8 zenye uzi wa 1.25, kaza moja kidogo, kisha nyingine, nayo itajisukuma nje. Uso wa habu usugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Magari yaliyoishi Mombasa au Tanga huwa na kutu ya chumvi hapo, na punje moja chini ya diski inafanya diski iyumbe na usukani utetemeke ukishika breki.

Kama ulikuwa na diski ndogo, bamba la vumbi lililo nyuma litagusa diski mpya. Kunja ukingo wake au ukate kwa mkasi wa bati.

Funga kalipa, kaza bolti zake mbili kwa Nm 80 kwenye spana ya kupimia nguvu. Hamisha mpira wa breki ukitumia washa mpya za shaba, moja kila upande wa kichwa cha mpira, na kaza bolti yake kwa Nm 18 tu. Hiyo ni nguvu ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na ukizidisha bolti inakatika kwa sababu katikati ni tupu. Kisha geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto huku ukitazama mpira: usivutike, usijikunje, usiguse tairi.

Kutoa hewa ndiko kunakoamua kama kazi imefanikiwa. Mfumo wa Subaru hii umegawanywa kwa msalaba, gurudumu la mbele na la nyuma la upande mwingine, kwa hiyo fuata utaratibu huu: mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Mpira mwangavu uvike kwenye skrubu, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage, wewe fungua, funga, ndipo aachie. Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Kwenye masta silinda ya zamani (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali), sehemu ya mwisho haijawahi kupitiwa na mpira wa pistoni yake, imejaa kutu na uchafu, na mpira ukifika huko unachanika; kesho yake pedali inazama taratibu ukiwa umesimama kwenye taa. Chungulia chupa ya mafuta ya breki iliyo juu kila baada ya mikanyago mitano. Ikikauka, hewa inaingia mpaka kwenye pampu ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga), na kuitoa huko ni kazi nyingine kabisa.

Pedali itashuka kidogo zaidi kuliko zamani kama pistoni mpya zinameza mafuta mengi kuliko zile ulizotoa. Hilo ni sawa. Ikiwa ndefu sana na hakuna hewa, masta silinda yako ni ndogo. Tafuta kubwa zaidi ya Subaru ya aina hiyo hiyo.

Kaza nati za tairi kwa Nm 100, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, ndipo uondoke. Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa na diski. Kwenye barabara tupu, punguza kutoka km 60 kwa saa hadi 15 mara kumi, kisha kutoka 80 hadi 20 mara tano, bila kusimama kabisa. Endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na kushikilia pedali diski zikiwa za moto, pedi inaacha alama yake pale, na mtetemo utakaofuata utadhaniwa ni diski kupinda.

Baada ya km 200 rudia kukaza nati, na pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo cha mafuta. Kikitoka na unyevu, fungua, weka washa mpya, usiikaze ile ya zamani zaidi. Mafuta ya breki yabadilishe kila miaka miwili, na mapema zaidi ukiishi pwani: DOT 4 mpya inachemka si chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka mpaka 155, joto ambalo mteremko mrefu unalifikia. Na huko mteremkoni, hata ukiwa na kalipa hizi, punguza gia kabla hujaanza kushuka.