Seving au CD riba zikipanda: namna ya kuamua hela ikae wapi kwa sisi tulioko Marekani

Kila msimu wa kodi nakaa na watu wa kwetu hapa Minnesota tunajaza fomu, na riba zikishaanza kupanda swali ni lile lile: hela yangu iko seving, benki wananitumia matangazo ya CD, nifunge au niache? Nimelijibu mara nyingi mpaka nikaona bora niliandike lote sehemu moja. Hii ni kwa mtu anayeishi Marekani na ana akaunti ya hapa, kama uko Dar au Nairobi hesabu zinafanana ila sheria, kodi na bima ni tofauti kabisa, usizichukue kama zilivyo.

Kwa asiyeijua, CD ni ndugu wa ile fiksidi ya nyumbani. Unaweka kiasi kwa muda mliokubaliana, miezi 3, 6, mwaka, hata miaka 5, riba haibadiliki mpaka iive, na ukitoa kabla ya hapo unakatwa. Seving unatoa ukitaka, lakini riba yake benki inaweza kuibadilisha usiku wa leo bila kukuuliza. Kredit yunioni nao wanayo, wao wanaiita "share certificate", kitu ni kile kile.

Hatua ya 1: gawa hela kwa tarehe

Usianze na riba. Chukua karatasi, andika kila fungu la hela na pembeni yake tarehe utakayoihitaji. Kodi ya nyumba, gari kuharibika, kukatwa masaa kazini, tiketi ya msiba (jamani hii ya msiba tusiisahau, simu inaingia saa nane usiku na kesho yake unatakiwa uwe eapoti), hizo hazina tarehe, na hela isiyo na tarehe haiingii CD. Hata riba iwe nzuri vipi. Matumizi ya miezi mitatu minne yabaki seving.

Zenye tarehe ndo tunazozungumzia hapa: ada ya Januari ya watoto nyumbani, kianzio cha kununua nyumba mwakani, hela ya kumwaga msingi kiwanjani. Na kama una deni la kadi linalokukata asilimia 20 na ushee kwa mwaka, lipa hilo kwanza, hakuna seving wala CD itakayolifikia.

Hatua ya 2: angalia seving yako inakulipa ngapi SASA HIVI

Fungua app, tafuta APY, yaani riba ya mwaka mzima ikiwa imeshahesabu na riba juu ya riba. Watu wengi hawajawahi kuiangalia. Nimeona akaunti ya dada mmoja anayetunza wazee, dola elfu kumi na nane zimekaa benki yenye tawi kila kona, APY asilimia 0.01, mwaka mzima imemletea dola moja na senti themanini. Hapo mjadala wa seving na CD hata haujaanza, kwanza hamisha hela.

Watu wanadhani Fed, yaani Benki Kuu ya hapa, ikipandisha riba basi na benki yao inapandisha. Hapana. Kila benki inaamua yenyewe, na benki yenye wateja wasiouliza haina sababu ya kupandisha. Machi 2022 riba ya Fed ilikuwa kati ya 0 na 0.25, wakaipandisha mara 11 mpaka ikafika 5.25 hadi 5.50 Julai 2023. Benki za mtandaoni kama Ally na Marcus zilianza 2022 zikiwa karibu nusu asilimia na mwisho wa 2023 zilikuwa zimepita 4. Zile kubwa za matawi, nyingi zilibaki pale pale 0.01. Mi msimamo wangu uko wazi: cheking iwe popote panapokufaa, seving iwe benki ya mtandaoni au kredit yunioni inayolipa.

Hakikisha tu ina bima, FDIC kwa benki na NCUA kwa kredit yunioni, zote zinalinda mpaka dola 250,000 kwa mtu mmoja kwa kila benki kwa kila aina ya umiliki. App inayokuambia "sisi si benki ila tunashirikiana na benki" mi simshauri mtu aweke akiba yake yote humo.

Hatua ya 3: linganisha

APY kwa APY, siyo "interest rate" kwa APY. Basi.

Swali la riba zinazopanda linahesabika hivi. Tuseme seving inalipa 4.00 na CD ya mwaka inalipa 4.50. Kwa dola 10,000 tofauti ni dola 50 kwa mwaka mzima. Ila seving inasogea, kama itapanda taratibu mpaka 5.00 mwisho wa mwaka basi wastani wake ni 4.50, mmetoka sare, na wewe wa seving hela yako ilikuwa huru muda wote. Kwa hiyo jiulize: naamini seving yangu itapanda zaidi ya pointi nzima, yaani asilimia 1 kamili, ndani ya mwaka? Mwaka 2022 jibu lilikuwa ndiyo, Fed ilipandisha 0.75 mara nne mfululizo kuanzia Juni, aliyefunga hela yake mwaka mzima mwezi Machi alikaa anaangalia wenzake wanampita. Katikati ya 2023 jibu lilikuwa hapana, mpandisho wa mwisho ulikuwa Julai, na Septemba 2024 wakashusha nusu pointi kwa mpigo. Aliyefunga miaka miwili ile 2023 aliendelea kula riba yake ya zamani wakati seving za watu zinashuka.

Kuna dalili moja naiangalia. Ukiona CD ya mwaka mmoja inalipa kuliko ya miaka mitano, kama ilivyokuwa 2023, ujue mabenki yenyewe yanategemea riba zishuke huko mbele, hayataki kukulipa kikubwa kwa muda mrefu.

Hatua ya 4: soma penalti kabla hujafungua chochote

Hapa nenda polepole, maana hapa ndo watu wanapoumia, na hapa ndo jibu la swali lote lilipo. CD mbili zenye riba sawa zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa kwa sababu ya penalti.

Usimuulize mtu wa kaunta, pakua karatasi la masharti, lile la "disclosure", tafuta maneno "early withdrawal penalty". Utakuta kitu kama "90 days of interest" au "180 days" au "one year". Sheria imeweka kiwango cha chini tu, ukitoa ndani ya siku sita za mwanzo wanatakiwa wakukate angalau riba ya siku saba, juu hapana kikomo, kila benki inajipangia. Kwa hiyo kusikia "kwangu walinikata kidogo tu" hakukusaidii, soma ya kwako.

Sasa angalia mambo haya.

Kwanza, je wanakata hata riba ambayo hujaipata? Nyingi zinakata. Umeweka 10,000 kwa 4%, penalti riba ya siku 180, siku ya 60 mama anaumwa unaitoa. Penalti ni dola 197 na senti, riba uliyoipata ni kama 66, hizo 131 zilizobaki wanazitoa kwenye hela yako uliyoweka mwenyewe. Unarudi na 9,868 na kitu. Watu hawaamini mpaka waone.

Pili, unaweza kutoa kidogo au lazima uvunje yote? Benki nyingi ni yote. Ndo maana mi siku zote nasema usifungue CD moja ya 12,000, fungua nne za 3,000, ukikwama unavunja moja tu.

Tatu, ni CD ya benki moja kwa moja au ni "brokered", ile unayonunua ndani ya akaunti ya uwekezaji? Ya brokered kwa kawaida huivunji, unaiuza kwa mtu mwingine, na riba zikipanda bei ya ile yako ya zamani inashuka, nani atake yako ya 3% wakati mpya zinalipa 5%? Nyingine zimeandikwa "callable", maana yake riba zikishuka benki ina haki ya kukurudishia hela yako mapema, yaani wakati ule ule ulipokuwa unafaidi. Riba ya juu kidogo isikudanganye, mimi hizo siwashauri watu wa kawaida.

Nne, "no-penalty CD". Hizi zipo kweli, baada ya wiki ya kwanza hivi unaweza kutoa yote bila kukatwa. Riba zikiwa zinapanda hii naipenda kuliko zote, maana zikipanda unavunja unafungua nyingine, zikishuka umebaki na ya juu. Kuna na zile zinazokuruhusu kuomba riba ipandishwe mara moja, ni nzuri ila nyingi zinaanza na riba ya chini na mwenye jukumu la kuomba ni wewe.

Halafu hesabu yenyewe ya kuvunja. Wengi wanaogopa neno penalti, wanabaki kwenye CD ya zamani wakati kuvunja kungewafaidisha. Fanya hivi: tofauti ya riba, zidisha kwa kiasi, zidisha kwa muda uliobaki. Ikizidi penalti, vunja. Ikipungua, acha.

Una 10,000 kwenye CD ya mwaka ya 2%, imebaki miezi sita, mpya zinalipa 4.5%, penalti siku 90. Tofauti ni 2.5%, kwa nusu mwaka ni dola 125. Penalti ni dola 49. Vunja, umebaki na kama dola 76 za faida. Sasa mwingine ana 10,000 kwa 4%, imebaki miezi mitatu, mpya ni 4.5%. Tofauti kwa miezi mitatu ni dola 12 na nusu, penalti ya siku 90 ni dola 98. Huyo atulie. Na ukivunja usiisahau ile penalti wakati wa kodi, inakuja kwenye kisanduku cha 2 cha fomu 1099-INT, ile benki inayokutumia kuonyesha riba uliyopata, na inapunguzwa kwenye kipato chako hata kama huandiki makato mengine moja moja. Kila mwaka naona watu wanairuka.

Hatua ya 5: kama huwezi kuamua, jenga ngazi

Hii ndo njia ninayowapa wengi. Una 12,000 isiyohitajika haraka: weka 3,000 miezi 3, 3,000 miezi 6, 3,000 miezi 9, 3,000 mwaka. Kila miezi mitatu moja inaiva. Huhitaji hela? Ifunge tena mwaka mmoja kwa riba ya siku hiyo. Baada ya mwaka zote nne ni za mwaka mmoja na bado kila miezi mitatu una mlango wa kutokea. Riba zikipanda unapanda nazo, zikishuka sehemu yako kubwa imeshafungwa juu.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wasipeleke hela Kenya, Februari 2024 bondi ya serikali ya miundombinu ilitoka kwa asilimia 18.46. Ni kweli ilitoka. Ila hiyo ni shilingi, na matumizi yako ni ya dola, bei ya shilingi inaweza kukupa au kukunyang'anya zaidi ya riba yenyewe. Kama hela utaitumia kule kule, ni mjadala mwingine.

Hatua ya 6: fungua

Mtandaoni, dakika chache. Ila wanafunzi wenye viza ya F-1 nisikilizeni: benki itataka ujaze W-9, fomu ya kodi ya wakazi, na kama kwa kodi wewe bado ni "nonresident alien", yaani hujahesabiwa mkazi, mara nyingi miaka mitano ya kwanza ya kalenda, fomu yako ni W-8BEN, na riba ya benki kwako kwa kawaida haitozwi kodi ya serikali kuu. Ukijaza W-9 unatambulika kama mkazi na unaanza kusumbuana na makaratasi. Sisi wengine riba ni kipato, unaitangaza hata kama haijafika dola 10 na fomu haikuja, na CD ya miaka mingi riba yake inatangazwa kila mwaka, husubiri iive.

Hatua ya 7: siku ya kuiva

CD nyingi zikiiva zinajifunga zenyewe upya. Unakuwa na siku za msamaha, kwenye barua zimeandikwa "grace period", mara nyingi 7 hadi 10, zikipita hela imefungwa tena kwa riba ya siku hiyo na penalti juu. Tena zile CD za tangazo za miezi 7, 11 au 13 angalia sana, zinaweza kuhamia CD ya kawaida yenye riba ya chini kabisa ambayo usingeichagua ukiwa macho. Barua ya taarifa itatumwa, lakini ikienda anwani ya zamani au ikizama kwenye imeili huna wa kumlaumu.

Siku ile ile unayofungua weka alamu mbili kwenye simu, moja wiki mbili kabla ya kuiva na moja siku yenyewe. Halafu ingia kwenye mipangilio ya ile CD uzime kujifunga upya, uwaelekeze ikiiva hela iende seving. Kama app haina hiyo sehemu, piga simu, wanaifanya. Na hizo siku za msamaha ndo pekee unazoweza kuongeza hela kwenye CD nyingi, kwa hiyo kama umeamua kuifunga tena na ulikuwa umeweka kitu pembeni, iingize hapo, halafu chagua muda mpya mwenyewe.