Namna ya Kuisoma Ngome ya Mazrui Ndani ya Fort Jesus

Wageni wengi huingia Fort Jesus, ngome ya Mombasa, kwa lango kuu, wakapigwa picha mbele ya mizinga, kisha wakatoka. Anayetaka kujua ni kwa nini ukoo wa Mazrui, uliotoa maliwali walioitawala Mombasa kwanza kwa niaba ya Oman, uliishikilia ngome hii kwa takriban miaka mia moja, na aanze chini, baharini.

Chagua siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa kuwa siku hizo maji ya Mombasa hupwa mno kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Vaa viatu vyenye soli imara, kwani mwamba huchoma na mwani huteleza. Ukiinua macho utagundua kwamba sehemu ya chini ya ukuta si ukuta bali ni jabali la matumbawe lenyewe, ambalo Wareno walilichonga kati ya 1593 na 1596, wakafuata ramani ya msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, kisha wakapandisha mawe na chokaa juu yake. Jabali halichimbiki upesi na adui.

Ukishaingia ndani, usiyatafute ya Wareno kwanza. Ulizia ukumbi wa Mazrui, wenye viti vya mawe vilivyoshikamana na kuta na boriti iliyonakshiwa maandishi. Hapo ndipo liwali alipoketi na watu wake, kama wazee wa Mji wa Kale wanavyoketi barazani hadi leo. Kaa kidogo. Liwali Muhammad bin Uthman wa Mazrui, aliyekataa kumtii Ahmed bin Said alipotwaa utawala wa Oman, aliuawa humu ngomeni. Nduguye Ali, aliyefungwa, alitoroka, akarudi na kuitwaa tena.

Kisha panda hadi Nyumba ya Waomani katika buruji ya San Filipe. Tahadhari moja: kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa gereza, basi usidhani kila ukuta uuonao ni wa kale.

Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliwatoa Mazrui mwaka 1837, na waliosalia wakahamia Takaungu na Gazi. Ikiwa una nusu siku ya ziada, vuka feri ya Likoni, upande matatu ya kusini hadi Gazi, alikokaa Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895.