Skii ya siku mbili Garmisch: kupanga safari ya wazoefu, wanaoanza na wasiotaka kuteleza kabisa

Safari nyingi za skii za makundi yetu huharibika kwenye saa tano asubuhi. Wazoefu wameshapanda juu na hawapokei simu, wanaoanza wako chini wanavua glovu kwa hasira, na shangazi aliyekuja kuangalia theluji tu hajui amfuate nani. Nimekuwa nikipanga wikendi hizi kwa Waswahili wanaoishi Munich na kwa wageni wao, na mpango huu ndio unaonifaa. Nautumia Garmisch-Partenkirchen, mji wa milimani katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, kwa sababu treni ya kutoka Munich inachukua kama saa moja na nusu, na kila mtu anapata la kufanya.

Hatua ya 1: Uliza maswali yanayojibika

Ukiuliza kwenye kundi la WhatsApp "nani anajua skii?", utapata wazoefu wengi kuliko walio duniani. Uliza hivi: mara ya mwisho ulishuka mteremko wa rangi gani, na je, ulikuwa unaweza kusimama popote ulipotaka? Asiyeweza kusimama anapotaka bado anaanza, hata kama ana picha nzuri Instagram.

Ujerumani na Austria buluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni kali. Waambie mapema wageni kutoka Marekani na Kanada, maana kwao rahisi ni kijani na buluu yao ni ya kati.

Ukishapata majibu, wagawe watu mafungu manne: wanaoanza, wa buluu, wa nyekundu na kuendelea, na wasioteleza. Fungu la nne si la kuonewa huruma. Mara nyingi ndilo linalorudi nyumbani na furaha kuliko mengine, likipangiwa siku yake vizuri.

Atakuwepo pia wa kusema mchezo huu si wetu sisi watu wa jua. Mjibu kwamba Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye skii ya milimani katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Kisha mwambie atume mchango wake.

Hatua ya 2: Chagua tarehe

Muda mzuri ni baada ya tarehe 6 Januari, ambayo ni sikukuu Bavaria, hadi kabla ya likizo ya shule ya Februari. Theluji huwa imekaa na foleni zimepungua. Jumapili na Jumatatu ni bora kuliko Jumamosi na Jumapili, kama wenzako wataruhusiwa kazini. Angalia na Ramadhani, kwa kuwa miaka hii inaangukia msimu huu: mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari.

Hatua ya 3: Anza na mahali pa kula mchana

Wengi huanza kwa kufungua ramani ya miteremko. Mimi naanza na meza ya chakula, nikitafuta mahali ambapo mtu wa skii anafika kwa skii na mtu wa miguu anafika kwa gari la kebo, bila yeyote kumsubiri mwenzake. Garmisch mahali hapo ni Kreuzeck. Gari la kebo linapanda kutoka bondeni hadi karibu mita 1,650, na kibanda cha Kreuzeckhaus kiko jirani na kituo cha juu. Wazoefu wanazunguka huko huko juu, wa buluu wanachagua sehemu tulivu, na shangazi anapanda na viatu vyake vya kawaida.

Wanaoanza wanabaki bondeni, Hausberg, penye eneo la mafunzo. Kutoka hapo hadi kituo cha gari la kebo la Kreuzeck ni kituo kimoja tu kwa treni ya kwenda mlima wa Zugspitze. Kwa hiyo mwambie kila mtu: saa sita na nusu mezani. Kabla ya hapo hakuna kutafutana.

Zugspitze yenyewe, mita 2,962, ndiyo yenye theluji ya uhakika zaidi, na mandhari yake wasioteleza wanaipenda. Lakini upepo wa juu ni mkali na hewa ni nyepesi. Ipange siku ya pili, na anga likiwa safi.

Wasioteleza wape pia Partnachklamm, korongo lenye njia ya kupita kwa miguu. Wakati wa baridi kuta zake hujaa barafu inayoning'inia. Hakikisheni asubuhi hiyo kama liko wazi, maana hufungwa hali ikiwa mbaya.

Hatua ya 4: Usafiri na michango

Bayern-Ticket, tiketi ya siku moja ya jimbo la Bavaria, inabeba hadi watu watano kwenye treni za kawaida. Wikendi inatumika siku nzima, siku za kazi ni kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, haihitaji.

Teua mweka hazina ambaye si wewe mpangaji. Mchango wa lazima uwe wa malazi tu. Tiketi ya lifti, yaani mashine za kupandisha watu mlimani, kila mtu alipe kwa kiwango chake, kwa sababu anayeanza hana haja ya tiketi ya mlima mzima. Hapa ndipo manung'uniko huzaliwa: ukigawa gharama zote sawasawa, anayejifunza kusimama anamlipia mwenzake anayeshuka Kandahar, mteremko mkali wa wazoefu.

Hatua ya 5: Vifaa

Kodini jioni kabla ya siku ya kwanza. Asubuhi duka limefurika na hakuna anayejaribu buti kwa utulivu, na buti ndiyo inayoamua siku yako itakuwaje.

Vaa soksi moja, ndefu na nyembamba. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti hata kidogo, maana mkunjo mdogo tu kwenye ugoko utakuwa kidonda kufika mchana. Ingiza mguu, gonga kisigino chini, funga vifungo. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kuegemea mbele, vidole viachie na kisigino kisinyanyuke. Kisigino kikinyanyuka, omba saizi ndogo, hata kama unaipenda hiyo iliyo laini.

Mwenye duka atakuuliza uzito, kimo, umri na kiwango chako. Kwa hayo, pamoja na urefu wa soli, anapima nguvu ya kufungia buti kwenye skii, ili iachie ukianguka vibaya. Hapa si mahali pa kupunguza kilo kwa mdomo.

Akina dada wenye misuko: ifungeni chini, kisogoni. Fundo la utosini halikai ndani ya helmeti. Wanaovaa hijabu, ile nyembamba ya michezo inatosha, ncha zake zikiwa ndani ya koti. Skafu ndefu zibaki hotelini, zinaweza kunaswa na lifti. Na jua la theluji linaunguza ngozi nyeusi pia, hasa midomo na chini ya pua, basi pakeni mafuta ya kukinga jua.

Hatua ya 6: Asubuhi ya kwanza ni ya mwalimu

Mume asimfundishe mke, wala rafiki asimfundishe rafiki. Lipieni mwalimu wa shule ya skii. Mbinu ya kwanza ni kuunganisha ncha za mbele na kutawanya za nyuma, ndivyo mtu anavyopunguza kasi. Kabla ya hapo kila mmoja ajue kunyanyuka: lala ubavu, weka skii upande wa bondeni, zikingame na mteremko, kisha jisukume kwa mkono ulio upande wa mlima. Zikielekea bondeni, utaondoka nazo kabla hujasimama.

Hatua ya 7: Sheria na bima

Aliye chini yako ana haki ya njia, hata akisimama ghafla. Simameni pembeni, panapoonekana kutoka juu. Dharura ni 112. Kila mtu awe na kadi ya bima na bima ya dhima kwa mtu mwingine. Mkivuka kwenda Austria, chukueni pasi na vibali vya kuishi, na hakikisheni bima inalipia uokoaji wa helikopta, kwani gharama hiyo inaweza kubaki kwako.

Hatua ya 8: Saa tisa alasiri

Miguu imechoka, theluji imechimbika, mwanga umefifia. Hapo ndipo mtu husema "tushuke mara ya mwisho." Njia nyingi za kurudi bondeni kutoka Kreuzeck ni nyekundu au nyeusi. Wa buluu wote wapande gari la kebo kushuka, na mpangaji ashuke nao hata kama ni mzoefu, ili asiwepo wa kuona aibu. Hesabuni watu kituo cha chini, rudisheni vifaa, halafu mweka hazina atume hesabu kwenye kundi usiku huo huo.