SOMO: Namna ya kumtoa nyota majeruhi NHL bila kuvunja ukomo wa mishahara

Wakuu, tangu ligi yetu ya umeneja (mchezo ambao kila mmoja anaendesha timu yake kwa kanuni za NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada) ianze msimu mpya, kila wiki nafungua PM nakuta swali lile lile: "Nyota wangu kaumia, mshahara wake mkubwa, namtoaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamleta huku.

Mfano wangu ni Jack Eichel, kwa sababu dili lake lina karibu kila kitu. Alikuwa nahodha wa Buffalo Sabres, mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 80, yaani milioni 10 kila msimu kwenye hesabu ya ukomo, ile jumla ya juu kabisa ya mishahara ambayo timu inaruhusiwa. Machi 2021 aliumia diski ya shingo. Novemba 4, 2021 akapelekwa Vegas Golden Knights. Ukomo msimu ule ulikuwa milioni 81.5, na hesabu zangu zote hapa chini ni za msimu ule.

Hatua ya 1. Soma mkataba, utafute kipengele cha kukataa kuhamishwa. Cha Eichel kilikuwa kianze kufanya kazi 2022, ndiyo maana Buffalo waliweza kumpeleka popote. Vegas hao hao, Machi 2022, walimpeleka Evgenii Dadonov Anaheim, na ligi ikafuta dili kwa sababu Anaheim ilikuwa kwenye orodha yake ya timu alizozikataa.

Hatua ya 2. Malizeni habari ya matibabu kabla ya kuzungumza bei. Anayempokea akubali kumchukua na jeraha lake.

Hatua ya 3. Panga malipo. NHL hakuna kununua mchezaji kwa fedha kama kwenye soka, ni mali kwa mali: wachezaji, au chaguo, yaani zamu ya kuchagua vijana wapya kila mwaka, ambapo timu dhaifu hutangulia. Buffalo walipata Alex Tuch, kijana Peyton Krebs, chaguo la raundi ya kwanza la 2022 na la raundi ya pili la 2023. Buffalo nao wakaongeza chaguo la raundi ya tatu kwa Vegas. Lile la raundi ya kwanza lilikuwa na kinga: likiangukia zamu kumi za kwanza, Vegas wanabaki nalo. Likaangukia nafasi ya 16. Ukipokea majeruhi, usitoe chaguo lako bila kinga, maana asipopona timu yako inashuka na chaguo linapanda thamani mikononi mwa mwenzako.

Hatua ya 4. Amua kama unabakiza sehemu ya mshahara, yaani uendelee kuibeba kwenye ukomo wako baada ya kumtoa. Mwisho ni asilimia 50, na inakufuata hadi mkataba uishe. Buffalo hawakubakiza hata senti.

Hatua ya 5. Orodha ya majeruhi wa muda mrefu. Ukimwingiza mchezaji humo, unaruhusiwa kuzidi ukomo kwa kiasi fulani. HAPA TULIENI.

Hapa ndipo nilipoharibu msimu mzima. Nilimpokea nyota majeruhi wa milioni 10. Jumla ya mishahara yangu, yeye akiwemo, ilikuwa milioni 77.2. Kwa furaha nikamwingiza kwenye orodha usiku ule ule. Kesho yake nikakubaliana na wenzangu wawili: beki wa milioni 5 na mshambuliaji wa milioni 6. Saa tano usiku niko mezani na daftari la hesabu, najumlisha mara ya tatu na kalamu nyekundu, na kila mara inatoka 88.2. Mwisho wangu ulikuwa 87.2. Mshambuliaji akaenda kwa mpinzani wangu.

Kosa langu ni hili. Ligi haikupi milioni 10 zote juu ya ukomo. Inachukua mshahara wa majeruhi, inapunguza nafasi uliyobakiza chini ya ukomo SIKU UNAYOMWINGIZA. Mimi nilikuwa na nafasi ya 4.3, kwa hiyo nikaruhusiwa kuzidi ukomo kwa 5.7 tu: 81.5 jumlisha 5.7 ni 87.2. Ningetangulia kupandisha wachezaji wa muda kutoka timu ya chini hadi nifike 81.4, nafasi ingebaki 0.1, nami ningeruhusiwa kuzidi kwa 9.9, yaani hadi 91.4. Kisha ningewarudisha wale wa muda, na beki na mshambuliaji wote wawili wangeingia. Milioni 4.2 zilipotea kwa kukosea mpangilio wa siku mbili.

Kwa hiyo: jaza kwanza, ingiza baadaye. Usibonyeze kitufe kabla hujaandika jumla yako kwenye karatasi. Na kumbuka, ukishaanza kutumia nafuu hiyo, ile nafasi ndogo ndogo unayoweka akiba kila siku hailimbikizwi tena.

Hatua ya 6. Pangia siku ya kurudi. Akipona, lazima uingie ndani ya ukomo siku hiyo hiyo. Eichel aliporudi Februari 16, 2022, nafasi ilipatikana kwa sababu Mark Stone wa milioni 9.5 alikuwa ameingia kwenye orodha kwa mgongo.

MASWALI

Mdau wa Minneapolis: Kwa hiyo nikimweka kwenye orodha mshahara wake unafutika?

Haufutiki. Hatua ya 5.

Mdau huyo huyo: Nimesoma juu juu mkuu, nipe kwa kifupi.

Kifupi chake ndicho kilichonigharimu mshambuliaji. Rudi usome taratibu, ukikwama andika namba zako hapa.

Mdau wa Toronto: Sheria hizi zimepitwa na wakati. Unapotosha watu.

Mkuu, aya ya pili nimesema hesabu ni za msimu ule, na ligi yetu inatumia kanuni zile. Kwa faida ya wengine: 2021 Nikita Kucherov alikosa msimu wote wa kawaida, akarudi mtoano na Tampa Bay wakabeba kombe, kwa sababu mtoano haukuwa na ukomo. Tangu 2025/26 kikosi kinachoshuka barafuni mtoano lazima nacho kiwe ndani ya ukomo. Na majeruhi anayetarajiwa kurudi msimu huo huo, nafuu yake haizidi wastani wa mshahara wa ligi wa msimu uliotangulia.

Mdau wa Nairobi: Kaka, mimi nasomea tiba ya viungo. Kwa nini shingo ilivunja uhusiano wa Eichel na Buffalo kiasi kile?

Dada, swali zuri sana. Kwenye upasuaji, Eichel alitaka diski ya bandia, Buffalo wakataka mifupa iunganishwe. Ukiunganisha, pingili zile hazisogei tena na mzigo unahamia za jirani. Kijana wa miaka 24 anawaza shingo yake akiwa na 40. Lakini hakuna mchezaji wa NHL aliyekuwa amerudi uwanjani na diski ya bandia, na mkataba wa ligi uliipa timu kauli ya mwisho. Vegas wakakubali. Siku nane baada ya dili akafanyiwa upasuaji huo, na 2023 aliongoza mtoano mzima kwa pointi 26, Vegas wakachukua kombe. Ndiyo maana hatua ya 2 inatangulia bei.

Mdau wa Edmonton: Na kama hatarudi kabisa? Nani atamchukua?

Wapo. Kuna kiwango cha chini cha jumla ya mishahara pia, 2025/26 ni milioni 70.6, na timu changa huhitaji kukifikia. Kipa Carey Price hakucheza tangu 2022, lakini Septemba 2025 Montreal waliupeleka mkataba wake San Jose pamoja na chaguo la raundi ya tano. Kwenye ukomo ulihesabika milioni 10.5, ila Montreal walisubiri hadi walipe bonasi ya milioni 5.5, zikabaki milioni 2 tu za kulipa kweli. Ukiwa na mkataba wenye bonasi ya Septemba, zipigie simu timu hizo changa wiki hiyo.

Mdau wa Edmonton: Nondo hii! Wangu ana bonasi ya namna hiyo. Nisubiri?

Subiri. Ikishalipwa tu, nitumie namba zako nizipitie kabla hujabonyeza.