Kabla ya Kupeleka Detekta Shamba la Babu

Koo nyingi za Tanzania, hasa zilizopakana na mashamba ya walowezi, reli ya zamani au boma la Mjerumani, zina hadithi ya sanduku. Mjerumani alipokimbia mwaka 1916 alifukia mali, akachonga alama kwenye jiwe, na babu alimwona. Hadithi hizo nazipenda. Ubaya ni pale zinapogeuzwa ramani, watu wakaanza kung'oa hata bikoni za wapima ardhi wakidhani ni alama za hazina. Kama kwenu mmeshaafikiana kukodi detekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma au sarafu iliyofukiwa, yapo ya kumaliza kabla betri haijachajiwa.

Anzeni na sheria, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Shamba linaweza kuwa lenu tangu enzi za babu wa babu, lakini ruhusa ya kuchimba vitu vya kale haiji pamoja nalo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayetafuta masalia kwa kuchimba awe na kibali, na mahali pa kuuliza ni wizara inayosimamia maliasili na utalii. Sheria hiyo inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Hapo mjanja mmoja kwenye kikao atasema basi vya Mjerumani ni ruksa, maana yeye alikuja baadaye. Ardhi haijipangi hivyo. Upareni, Buhaya au Ufipa, detekta inaweza kulia kwa nguvu juu ya mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki baada ya kuyeyusha mawe ya chuma. Ukiona mabonge hayo pamoja na vipande vya mirija ya udongo uliookwa, umesimama juu ya tanuri la wahunzi, na mkaa uliomo ndani yake unaweza kupimwa umri maabara. Acha kuchimba hapo hapo. Sururu moja inatosha kuuchanganya mkaa huo na udongo wa juu, na baada ya hapo hakuna wa kuurudisha.

Kwa walio upande wa Kenya mstari ni 1895, na sheria ya mwaka 2006 inataka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Hilo linawahusu sana wenye mashamba Taita Taveta, karibu na Salaita na Maktau, ambako mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, ya 1916, bado yanaonekana.

Kisha kikao cha ukoo, na kiwe na muhtasari ulioandikwa na kusainiwa. Mkubaliane nani atashika kitakachopatikana, nani lazima awepo wakati wa kuchimba, na kwamba hakuna kuuza chochote kabla wote hawajakiona. Shangazi walioolewa mbali waitwe pia. Ugomvi wa mirathi hupenda kulala kimya mpaka pasikike habari ya dhahabu. Wazee waonyeshe makaburi yote, hata yasiyo na msalaba wala saruji. Uchaggani mara nyingi ni mimea ya masale tu yanayokwambia hapa kuna mtu. Mkikutana na mfupa wa binadamu kwa bahati mbaya, ufunikeni palepale ulipo, muwaite wazee na polisi. Mwenyekiti wa kitongoji naye ajue siku na saa. Watu wanaochimba shambani alfajiri bila kuaga wataitwa wachawi kabla shimo halijafika magotini.

Wazee hao hao ndio ramani yenu ya kweli. Msiwaulize hazina iko wapi. Waulizeni gulio lilikuwa wapi, duka la Mhindi, kisima, njia ya kwenda stesheni, mahali watu walipopanga foleni kulipa kodi. Pesa hudondoka pale inapobadilisha mikono. Mtakachokiota huko ni dhahabu. Mtakachokipata, kama kipo, ni heller ya shaba, yaani sarafu ndogo ya Mjerumani, au ile yenye tundu katikati iliyoanza kutolewa 1908, au sarafu iitwayo pesa, ya mwaka 1890, ya kampuni ya Kijerumani, yenye maandishi ya Kiarabu. Rupia ya fedha utaitambua kwa kichwa cha Kaiser Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma. Sarafu ya dhahabu ya Tabora, ile ya rupia 15 yenye tembo, ni kweli ipo: iligongwa mwaka 1916 kwenye karakana ya reli kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, lakini zilitoka kama 16,000 tu. Anayekuja na rupia inayovuta mchele, au anayetafuta zebaki nyekundu, ni tapeli. Mpeni chai aende zake.

Kuhusu mashine nitakuwa mfupi. Detekta ya kweli ina koili inayopita karibu na ardhi, na kwa sarafu moja kina chake ni sentimita 20 au 30, si mita kumi. Vile vijiti viwili vinavyoelekea vyenyewe kwenye dhahabu iliyo ng'ambo ya mto ni biashara ya muuzaji. Udongo mwekundu na mawe ya volkano yana chuma, kwa hiyo mashine isawazishwe na udongo wa shamba lenyewe, si wa uwanja wa muuzaji. Jaribuni kwanza kwa kufukia shilingi yenu wenyewe. Mtachimba vizibo vya soda na misumari ya bati mpaka mchoke.

Palipopiganwa vita, tahadhari ni nyingine kabisa. Tanga Novemba 1914 na Mahiwa Oktoba 1917 ni majina makubwa, ila mapigano madogo yalisambaa hadi kwenye mashamba ya watu. Na Kagera ina mabaki ya vita vya 1978 na 1979. Kombora lililokaa ardhini miaka mia bado linaweza kuua. Chuma cha mviringo, kizito, chenye ncha au mkanda wa shaba kiunoni hakiguswi, hakigongwi, hakibebwi kwa pikipiki kupelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Wekeni alama, ondokeni, nendeni mkatoe taarifa polisi.

Maganda ya risasi ndiyo yanayonifurahisha mimi kuliko sarafu. La .303 la Mwingereza lina ukingo uliotokeza kitakoni. La Mauser, bunduki ya Mjerumani, la milimita 7.92 halina, lina mfereji. Ganda nene la milimita 11 ni la bunduki kuukuu ya muundo wa 1871 waliyobeba askari wengi wa Mjerumani, ile iliyofuka moshi na kumfichua mpigaji. Ukikuta maganda matano ya namna moja kwenye hatua tatu, kuna mtu alilala hapo akipiga, na uelekeo wake unaweza kuusoma. Lakini mkishayatia yote kwenye ndoo moja, mmebaki na shaba ya kuuza kwa kilo. Kwa hiyo andaeni mapema daftari, kalamu, futi kamba, mifuko midogo na simu yenye chaji: picha kabla ya kunyanyua, kina, umbali kutoka mti au kona ya nyumba, namba kwenye mfuko. Chimbeni kwa mwiko mkikaribia sauti, jembe likae pembeni.

Kitu kikitoka, kisisuguliwe kwa majivu wala ndimu. Ngozi ile ya kijani ndiyo inayolinda maandishi. Picha zisiende mtandaoni zikiwa na jina la kijiji, au kesho mtaamka na wageni wenye sururu. Na mashimo yafukiwe siku hiyo hiyo, udongo wa chini ukirudi chini, maana mbuzi wa jirani akivunjika mguu humo, mwenyekiti wa kitongoji atawaita kwa kesi ambayo haikuwemo kwenye muhtasari.