Somo: Worms Armageddon kwa laptopu moja na watu wanne

Somo hili ni la wale wenye laptopu moja, marafiki watatu chumbani na bando iliyokwisha tangu jana. Mchezo huu wa kompyuta hauhitaji intaneti: mnapokezana kibodi, na anayeshindwa ananunua rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) za wote.

Kwa asiyeujua, Worms Armageddon ulitoka mwaka 1999, kazi ya Team17 ya Uingereza, waliotoa Worms ya kwanza mwaka 1995. Kila mtu ana timu ya minyoo wenye silaha kwenye kisiwa kilichozungukwa na maji. Mnapiga zamu kwa zamu, na ardhi yenyewe inatoboka kila bomu linapolipuka. Mnyoo akiishiwa nguvu hafi tu: anatoa kifaa cha kulipulia baruti, anajilipua, na aliyesimama karibu anaumia pia. Kwa hiyo kabla hujamuua mtu, angalia nani yuko jirani yake. Huenda ni wako.

Hatua ya 1: Timu. Mechi moja inabeba hadi timu sita. Watu wanne, minyoo minne kila mmoja, inatosha kabisa. Ukiweka minane kila timu mtakesha. Wape majina mnayoyajua. Kwetu timu moja ni masoko ya Kampala: Owino, Nakasero, Kalerwe, Kikuubo. Unaposikia mtu anapiga kelele "Kalerwe kaanguka majini!" jirani anakuja kuuliza kuna nini.

Hatua ya 2: Mipangilio. Zamu ya sekunde 45 ni nzuri kwa anayejifunza. Weka pia muda wa kukabidhiana kibodi kabla ya zamu, la sivyo nusu ya zamu inaishia kwenye ugomvi wa kiti. Muda wa mechi ukiisha inaanza awamu ya kifo cha ghafla, maji yanapanda. Msiizime hiyo.

Hatua ya 3: Vidole. Mishale ya kushoto na kulia inatembeza, ya juu na chini inalenga. Enter ni kuruka mbele. Backspace ni kuruka juu. Ukiigonga mara mbili haraka, mnyoo anapinduka kinyumenyume na kupanda mahali ambapo ruko la kawaida halifiki. Bofya kulia kwa kipanya uone silaha. Spesi ndiyo kufyatua: ukiishikilia nguvu inaongezeka, ukiiachia kombora linaondoka. Na jambo wanalolisahau wageni wote: mnyoo wako akianguka vibaya akaumia, zamu yako imekwisha papo hapo, hata kama hujapiga risasi.

Hatua ya 4: Silaha tatu tu kwanza. Acha mbwembwe za kondoo anayeruka na punda wa zege anayeshuka kutoka mbinguni. Utawafikia. Anza na hizi.

Bazuka inasukumwa na upepo. Tazama mstari ulio chini kulia kabla ya kulenga, kila zamu, kwa sababu upepo unabadilika. Upepo ukielekea kwa adui, punguza nguvu. Ukija usoni kwako, inua mdomo wa bazuka kidogo na usukume zaidi.

Guruneti haijali upepo. Unachagua sekunde za kulipuka kwa namba 1 hadi 5, na mdundo kwa alama ya kujumlisha au kutoa. Adui aliyejificha shimoni anataka mdundo mdogo, ili guruneti itulie miguuni pake badala ya kurukia nje.

Shotigani inatoa risasi mbili, kila moja inakula nguvu 25. Uzuri wake ni kwamba baada ya ya kwanza unaruhusiwa kutembea, kisha upige ya pili, hata kwa mnyoo mwingine.

Hatua ya 5: Maji. Hapa ndipo mchezo ulipo. Mnyoo anaanza na nguvu 100, na bazuka moja haimmalizi. Maji yanammaliza awe na 100 au 3. Basi kila zamu yako, usiulize "nani dhaifu?" Uliza "nani amesimama ukingoni?" Mlipuko humsukuma mtu mbali na ulipotokea, kwa hiyo lenga upande wa nchi kavu, nyuma yake kidogo, umtupe baharini. Ukiweza kumsogelea, rungu la besiboli linamrusha mbali sana. Na kama kasimama ukingoni kabisa, msukume kwa kidole. Kidole hakipunguzi nguvu hata moja, lakini kifo cha kusukumwa kidole ndicho kinachokumbukwa wiki nzima.

Ukishapiga una sekunde chache za kukimbia. Usizitumie kucheka.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Arua: Kaka, laptopu yangu ni kuukuu, ramu gigabaiti 2. Itaweza?*
Itaweza bila jasho, mchezo huu ni wa enzi za CD. Kwenye Windows za sasa hakikisha una toleo 3.8 la mwaka 2020 au jipya zaidi. Kwa Linux tumia Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows.

*Kutoka Mbale: Umeme ukikatika katikati ya mechi je? Sisi tunatumia kompyuta ya mezani.*
Pole, ndugu. Mechi hiyo ihesabuni imepotea. Chezeni fupi: minyoo mitatu, kifo cha ghafla kije mapema.

*Kutoka Bombo: Mdogo wangu anachimba shimo, anakaa humo mechi nzima. Si haki.*
Ni haki, ila inaudhi. Mchimbie na wewe kwa tochi ya moto, umtokee ubavuni na shotigani. Ukishindwa, subiri maji yapande. Aliye chini ndiye wa kwanza kunywa. Ndiyo maana nilisema msizime.

*Kutoka Jinja: Mwalimu, minyoo wanaweza kusema Kiswahili?*
Wanaweza. Tafuta folda ya sauti, ndani ya "User" kuna "Speech". Nakili folda ya lugha moja, ipe jina jipya, kisha badilisha faili za WAV kwa sauti zako ukiacha majina ya faili yalivyo. Halafu ichague kwenye timu yako. Ya kwangu imerekodiwa na shangazi, naye hana adabu: mnyoo akijipiga mwenyewe utasikia "Banange (jamani), huyu katoka wapi?" Rekodi fupi, sekunde mbili tu, maana ndefu zinapandiana.